Amazing Fantasy 15 au Fantastic Four 52: uanze na lipi?

Mpwa wangu ana miaka 13 na anachora kutwa. Pambizo za daftari lake la jiografia zimejaa ngumi, makoti yanayopepea na mapaa ya maghorofa. Juzi alikuja na ombi: "Shikamoo mjomba. Nataka kusoma walivyoanza. Sinema nimeziona, sasa nataka kitabu chenyewe." Hela niliyokuwa nayo ilitosha kitabu kimoja, na majina mawili yalinijia papo hapo: Amazing Fantasy toleo la 15, lililomleta Spider-Man, na Fantastic Four toleo la 52, lililomleta Black Panther. Yote nimeyasoma mara nyingi, ila kumchagulia mtu mwingine kulinifanya niyatandaze sakafuni, moja huku moja huku, niyafunue ukurasa kwa ukurasa. Niliyoyaona nayaandika hapa kwa yeyote aliye kwenye njia panda kama yangu.

Yote mawili ni majarida ya katuni ya kampuni ya Marvel ya New York, yote yaliuzwa kwa senti 12 za Marekani, na mwandishi na mhariri wa yote ni Stan Lee. Kufanana kunakaribia kuishia hapo. La kwanza jalada lake linasema Agosti 1962, na ni toleo la mwisho la jarida lililokuwa linakata roho. La pili ni la Julai 1966, katikati ya mfululizo uliokuwa umepamba moto. Ukilishika hilo moja, tofauti nyingine zote utazielewa.

Toleo la 15: hadithi nne, mkono mmoja

Watu wengi wanaosema wamesoma Amazing Fantasy 15 wamesoma nusu yake tu. Nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Makusanyo ya Spider-Man huchukua kurasa 11 za hadithi yake na kuacha zilizobaki, kwa hiyo msomaji hajui kwamba ndani ya toleo lile mlikuwa na hadithi nyingine tatu, zote zimechorwa na Steve Ditko, yuleyule aliyemchora Spider-Man.

Jarida lenyewe lilianza likiitwa Amazing Adventures. Kuanzia toleo la 7 hadi la 14 likaitwa Amazing Adult Fantasy, na kwenye la 15 neno la katikati likang'olewa. Kazi yake ilikuwa hadithi fupi za maajabu, kurasa chache kila moja, zenye mwisho unaokugeuzia kibao: yule uliyemdhania hivi kumbe ni vile. Lee na Ditko walikuwa wamezitunga pamoja nyingi mno mpaka mkono wao ulikuwa umekomaa.

Zile tatu zenyewe ni hizi. "The Bell-Ringer!", kurasa tatu, ni ya mzee Pedro, mpiga kengele kisiwani. Volkano inalipuka, watu wote wanakimbilia majini, yeye anakataa kuiacha kengele yake, na mwisho wake mwema unamjia kutoka juu. "Man in the Mummy Case!", nayo kurasa tatu, ni ya mhalifu anayekimbia polisi akaingia makumbusho na kujificha ndani ya jeneza la maiti wa kale wa Misri. Mahali anapotokea upande wa pili nakuachia ukaone mwenyewe. Ya tatu, "There Are Martians Among Us!", kurasa tano, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chombo kimetua kutoka Mirihi na watu wanawasaka wageni mji mzima. Mume anamwonya mkewe asitoke nyumbani. Mke anatoka kwenda dukani, anavamiwa njiani. Mume anaposikia anarukia simu, na hapo ndipo unapoziona mkono wa tatu na wa nne. Wageni waliokuwa wanasakwa ni wao, na wanaotisha ni watu wa mtaani.

Sasa rudi kwenye Spider-Man ukiwa umezisoma hizo tatu. Utaona kwamba nayo ni hadithi ya kugeuziwa kibao, ila imepewa kurasa 11 na moyo mkubwa zaidi. Peter Parker ni mwanafunzi anayechekwa na wenzake. Ukurasa wa kwanza unamwonyesha amesimama peke yake upande mmoja, wenzake wamekusanyika upande wa pili wakimsema, na ukutani nyuma yake kuna kivuli cha buibui ambacho bado hakijui. Anakwenda kwenye maonyesho ya sayansi, anaumwa na buibui aliyepitiwa na mionzi, anapata nguvu. Anafanya nini nazo? Anakwenda kutafuta hela. Anapigana mieleka na jitu liitwalo Crusher Hogan kwa dola 100, kisha anaingia kwenye televisheni. Mwizi anapita mbele yake akikimbia, askari anapiga kelele azuiwe, Peter anamwacha aingie kwenye lifti aende zake. Si kazi yake.

Baadaye anakuta gari la polisi nyumbani. Baba yake mkubwa Ben ameuawa. (Wengi husema "Mjomba Ben", lakini Ben ni Parker, wa upande wa baba, na Kiswahili chetu hakiruhusu kulipita hilo kimyakimya.) Peter anamfuata muuaji kwenye ghala bovu, anamnasa, anamtazama usoni. Ni yule mwizi wa kwenye lifti. Hiki ndicho kibao kilekile cha hadithi za kurasa tatu, ila safari hii hakimgeukii msomaji tu. Kinamwangukia kijana wa sekondari, nacho hakinyanyuki tena.

Angalia mambo mawili kwa makini ukiwa na toleo hili mkononi. La kwanza, yale maneno mashuhuri kwamba nguvu kubwa lazima iambatane na wajibu mkubwa, Ben hayasemi. Yako kwenye kisanduku cha msimulizi, fremu ya mwisho kabisa, juu ya mtu mwembamba anayetokomea gizani bila kusema neno. Ben mwenyewe hana maneno mengi. Tunamkumbuka kwa vitu vidogo, kama ile hadubini ambayo yeye na mkewe May wanamnunulia Peter. Kutokuwapo kwa wosia kunafanya lawama iwe nzito zaidi, kwa sababu hakuna aliyemwonya kijana huyu. La pili, tazama fremu zilivyo ndogo na nyingi. Ditko anabana watu kwenye vyumba, korido na madirisha. Hata shujaa anapopanda ukuta mwili wake umekunjika kwa namna isiyostarehesha, magoti nje, vidole vimetanuka. Hakuna mahali anapoonekana mtukufu.

Hilo halikutokea kwa bahati. Lee alimpa kwanza mchoraji mwingine, Jack Kirby, kazi hii, Kirby akachora kurasa tano, Lee akaona kijana ametoka shujaa mno. Ndipo ikaenda kwa Ditko, naye akabuni vazi linalofunika uso mzima ili sura ya kitoto isionekane, utando wa kwapani, na kirusha nyuzi cha kwenye kifundo cha mkono. Ila jalada lilirudi kwa Kirby: Ditko alichora la kwake likakataliwa, Kirby akachora jingine, Ditko akalitia wino. Linganisha jalada na kurasa za ndani uone mikono miwili ikimsoma mtu mmoja. Yule wa jaladani ana kifua kipana na anapaa juu ya jiji amembeba mtu kwapani. Wa ndani ni mwembamba kama fito.

Lina kasoro? Lipo jambo moja. Kwa msomaji anayetaka mapigano, haya ni machache na yanaisha upesi. Mieleka na Hogan ni fremu chache tu.

Toleo la 52: hadithi moja, tena nusu

Ukifungua Fantastic Four 52 baada ya kulifunga lile la kwanza, ni kama mtu aliyetoka chumbani akaingia uwanja wa mpira. Kurasa 20, hadithi moja, "The Black Panther!", na Kirby ameachiwa nafasi yote. Lee na Kirby walifanya pamoja matoleo 102 ya mwanzo ya mfululizo huu, na hapa wako nusu ya safari, wakati kila mwezi walikuwa wanatoa kitu ambacho hakijaonekana. Toleo lililotangulia, la 51, wengi hulitaja miongoni mwa bora waliyowahi kufanya.

Kisa chake ni hiki. T'Challa, mtawala wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, anawatumia Fantastic Four, kundi la mashujaa wanne, chombo cha ajabu cha kuruka kama zawadi, pamoja na mwaliko wa kuitembelea nchi yake. Wanakwenda, wakifuatana na Wyatt Wingfoot, Mhindi Mwekundu anayesoma chuo na Johnny Storm, mmoja wa wanne hao. Wakifika hawakaribishwi kwa chai. Mwenyeji wao amevaa vazi la chui mweusi na anawawinda mmoja mmoja, akiwa ameshaandaa mtego unaolingana na nguvu za kila mmoja. Anawaweza wote wanne. Asichokipanga ni Wingfoot, ambaye hana nguvu yoyote ya ajabu na kwa hiyo hakuhesabiwa. Huyo ndiye anayewafungua. Kisha T'Challa anavua kinyago, anaeleza kwamba alikuwa anajipima kabla ya vita kubwa zaidi, na hadithi inakatika anapojiandaa kusimulia.

Inakatika kweli. Kifo cha baba yake T'Chaka, yule adui Klaw, madini ya vibranium, yote yako kwenye toleo la 53. Hapa ndipo ninapowaonya watu kwa dhati: ukinunua la 52 peke yake umenunua nusu ya mkate. Una mtu wa kuvutia kupita kiasi, lakini hujui kwa nini anafanya anayoyafanya.

Hata hivyo kuna kitu ndani ya nusu hiyo ambacho toleo la 15 halina. Ni ule msitu. Wageni wanashuka kwenye kile wanachodhani ni mwitu wa Afrika, wanagundua matawi ni nyaya, maua ni vitufe na piga za mitambo, mawe yananguruma kwa umeme. Kirby ameichora kurasa kwa kurasa, mashine zimesongamana mpaka hujui mti unaanzia wapi. Kabla ya hapo, wakiwa bado kwenye kile chombo, Thing, mwingine kati ya wale wanne, anauliza mtu aliyechomoka kwenye sinema ya Tarzan kakipata wapi chombo kama hiki. Swali lile lilikuwa kichwani mwa wasomaji wengi wa 1966, waliolishwa Afrika ya Tarzan tangu utotoni. Lee na Kirby wanalitamka wazi, kisha wanatumia kurasa zilizobaki kulijibu. Nikilisoma leo bado linanichoma, na bado nafurahi walivyolijibu.

Mpwa wangu alipolipekua alisimama kwenye jina. "Mjomba, Wakanda ni watu au ni nchi?" Kwa sikio letu ni watu, kama Wakamba, na nchi yao ingekuwa Ukanda. Nilimwambia kwenye kitabu ni nchi, akakubali shingo upande. Jina la shujaa nalo lina historia. Alipobuniwa aliitwa Coal Tiger, na jalada la kwanza lilimwonyesha kwa kinyago cha nusu uso, ngozi yake ikionekana. Lililochapwa linafunika kila kitu. Chama cha Black Panther kilianzishwa Oakland Oktoba 1966, miezi baada ya toleo hili kutoka, ingawa chama cha wapiga kura weusi wa Kaunti ya Lowndes, Alabama, kilikuwa tayari kinatumia alama ya mnyama huyohuyo. Mwaka 1972, katika toleo la 119, T'Challa alijiita kwa muda Black Leopard ili jina lisichanganywe na la chama. Kwa Kiswahili asingefika popote, maana wote wawili ni chui.

Nani alifanya nini

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kijana anayechora anahitaji kujua kitabu hakitoki kwa mtu mmoja.

Kwenye toleo la 15 hakuna kisanduku cha majina. Kuna saini tu ukurasa wa kwanza wa Spider-Man, Stan Lee na S. Ditko. Ditko alichora kwa penseli na kutia wino mwenyewe, ndiyo maana kurasa zina sauti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyeandika herufi ni Art Simek na aliyetia rangi ni Stan Goldberg, lakini msomaji wa 1962 asingewajua.

Kwenye la 52 kisanduku kipo: Lee, Kirby, Joe Sinnott kwa wino, Sam Rosen kwa herufi. Mtia rangi bado hatajwi. Sinnott ndiye wa kumwangalia. Alikuwa ameshika kazi ya wino ya mfululizo huu tangu toleo la 44, na mstari wake mnene, safi, unaong'aa kwenye vyuma, ndio unaofanya mitambo ya Kirby ionekane ina uzito. Penseli ya Kirby bila wino wa mtu kama yule ingebaki na nguvu, lakini isingemeta.

Utaratibu wao wa kazi ulikuwa hivi: Lee anatoa wazo au kisa kwa ufupi, mchoraji anakipanga na kukichora chote, kisha Lee anajaza maneno. Kwa hiyo mchoraji alikuwa msimulizi mwenza, na ugomvi kuhusu nani aliumba nini ulidumu miongo. Familia ya Kirby na Marvel walipatana Septemba 2014. Ditko alikuwa ameondoka zamani. Toleo lake la mwisho la Spider-Man, la 38, lina tarehe ya Julai 1966 jaladani. Mwezi uleule wa Fantastic Four 52. Mmoja anafunga mlango, mwingine anaufungua msitu.

Kwa pesa na kwa nia yako

Nakala halisi za 1962 tuziache. Moja iliyopewa alama 9.6 kati ya 10 kwa jinsi ilivyotunzwa iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.6 Septemba 2021. Michoro ya asili ya Ditko, kurasa 24, mtu asiyetaka kutajwa aliitoa bure kwa Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2008, na nashukuru iko huko, haiko kwenye sefu ya tajiri.

Ukitaka toleo la 15, tafuta ile nakala ya marudio iliyochapwa 2019: kitabu kizima kama kilivyokuwa, hadithi zote nne, matangazo, na ule ukurasa ambao mhariri anaahidi kuwa Spider-Man ataendelea. (Jarida lilifungwa, akarudi kwenye jarida lake mwenyewe, la Machi 1963.) Ukinunua mkusanyo, soma yaliyomo kwanza, maana karibu yote yana zile kurasa 11 tu. Jihadhari pia na wauzaji wanaopitisha nakala za marudio kama za kale. Maandishi madogo ya ndani husema ukweli.

Ukitaka la 52, usilichukue peke yake. Kitabu cha Black Panther cha Penguin Classics cha 2022 kina la 52 na la 53 pamoja, kisha kinaendelea na hadithi za T'Challa za miaka ya 1970. Ni ghali zaidi, lakini umepata hadithi yenye miguu miwili.

Anayejifunza kuandika hadithi fupi achukue la 15, bila kusita. Anayetaka kuona ukurasa mzima ukilipuka kwa mitambo na mwili ukiruka, la 52. Kijana ambaye hajawahi kusoma katuni za kale nampa la 15 pia, kwa kuwa halihitaji kujua lolote lililotangulia. La 52 linakuchukulia kwamba wale wanne unawafahamu. Msomaji mzima anayetaka kufikiri jinsi Afrika ilivyochorwa na watu waliokuwa mbali nayo, huyo aanze na la 52, alale nalo, kesho asome la 53.

Kwa mpwa wangu nilinunua la 15. Siku ya tatu nilimkuta kibarazani na penseli, nikadhani anamwiga Spider-Man. Alikuwa anachora yule mume wa hadithi ya mwisho, simu mkononi, na alikuwa amefuta mara nyingi mahali mkono wa nne unapotokea mpaka karatasi imetoboka. Aliniuliza Ditko aliufichaje mkono ule fremu zote za nyuma. Tulikaa tukazihesabu moja moja.